Mtani Wangu Kihwele na Vuli Iliyochelewa

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Edeltruda,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nakujua, ukiisoma umesimama jikoni utaunguza mboga. Goti linaendeleaje? Bado linakuvuta kila mawingu yakijikusanya, au mvua za huko nazo zimegoma kama za huku, na goti limepata likizo? Shemeji hajambo? Watoto je? Mie mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio umelala chini.

Wiki iliyopita uliponipigia simu uliniuliza, "Otmar, mbona unanijibu kama karani wa mahakama?" Nilikuwa uani, dada. Wapangaji wenzangu walikuwa wanafua, na hizi nyumba za Kiwalani unazijua, ukikohoa chumbani jirani anakuuliza umekunywa dawa gani. Kuna maneno hayasemeki mbele za watu wanaosuuza mashuka. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Barua hii nampa jioni hii mama mmoja wa kwetu anayepanda basi la Songea kesho kutwa, ameahidi kuifikisha mpaka mkononi kwako.

Nianze na hali ya hewa, maana kwetu sie watu wa miche hiyo ndiyo habari ya kwanza kila siku, hata kabla ya kuulizana tumelalaje. Vuli haijaja. Kawaida ya mji huu, wakati kama huu mvua ya kwanza ishapiga, watu wanatoka majumbani kutafuta miche ya kupanda, na sie tunauza mpaka tunasahau kula. Mwaka huu, hola. Mawingu yanatoka baharini asubuhi, meusi kabisa, unasema leo leo, halafu yanapita juu yetu kama hayatujui. Ikifika saa nne jua linachoma mpaka viriba vya miche vinakuwa vya moto ukivishika. Bomba linatoka siku linapotaka lenyewe. Siku nyingine tunachangishana boza la maji, na hayo maji yana chumvi, ukimwagia mche mchanga unainamisha kichwa kesho yake.

Pale Mikocheni tunapouzia miche, kando ya barabara, tuko watatu tuliokaa jirani. Mie na miembe yangu na ukoka wa bustani. Mama Zuhura, mtu wa Lindi, yeye ni maua tu, na anayasemesha kama wanawe. Na Kihwele, Mhehe wa Iringa, mtu mzima kunizidi kwa mbali, ambaye ndiye aliyenifundisha kubebesha miembe, kuunga kijiti cha mwembe mmoja kwenye shina la mwingine, nilipofika mji huu sijui hata kushika kisu cha kubebeshea. Kila asubuhi tukishamaliza kumwagilia tunageuza ndoo, tunakaa, tunakunywa chai ya tangawizi kwa vitumbua, tunapiga soga mpaka mteja wa kwanza apaki gari. Hiyo saa moja, dada, ndiyo iliyokuwa inaniweka mjini. Mengine yote ni jasho.

Kihwele ni mtani wangu. Sina haja ya kukueleza wewe utani wa Wangoni na Wahehe, ulimwona baba alivyokuwa akiingia kwa yule mwalimu Mhehe na kubeba jogoo bila kubisha hodi, na mwalimu anacheka. Sie vivyo hivyo. Tangu siku ya kwanza alipojua natoka Songea hajaniita jina langu, ananiita Mngoni. Na mie tangu siku hiyo sijamwambia neno la adabu; yeye ananisema Wangoni tunakula panya, mie namsema Wahehe wanakula mbwa.

Nikupe mfano wa soga zetu, za mwezi uliopita. Mama Zuhura kaangalia juu, kasema, "Vuli ya mwaka huu imekufa. Kwetu ikichelewa hivi, wazee walikuwa wanatoka wote kwenda kuomba mvua. Huku nani atatoka? Kila mtu kajifungia na kiyoyozi chake."

Kihwele akasema, "Mvua inakuja vizuri tu, mama. Ikifika hapa inasikia harufu ya panya wa kukaanga kwenye bakuli la huyu Mngoni, inageuza."

Halafu akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Mie nikamwambia, "Huo ni mfupa wa mbwa, mzee. Safari hii umemla mbwa wa nani?" Tukacheka wote watatu. Yeye ndiye aliyecheka zaidi, machozi yakamtoka.

Sasa nisikilize vizuri hapo, dada. Mtu akiumwa kikohozi kama kile, jirani yeyote atamwambia nenda hospitali. Mtani hamwambii. Mtani anamuuliza kala mbwa wa nani. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuona ubaya wake.

Akaanza kusema anataka kurudi kwao Iringa akafie huko. Nikamjibu mbwa wa Iringa wote watahamia Dodoma wakisikia. Akaniletea miembe yake minne aliyobebesha mwenyewe, ile ambayo hata mabosi wa magari makubwa walikuwa wanambembeleza hawauzii, akaniambia, "Mngoni, chukua." Nikaona ananitega, nikamrudishia. Viriba vyake vikawa vikavu mpaka udongo unapasuka, nami nikasema joto hili, kila mtu kachoka.

Akaja siku moja akaniambia, "Mngoni, Jumatatu nisindikize hospitali. Miguu haina nguvu."

Dada, huyu mtu mwaka juzi alinitumia ujumbe kwamba yuko mahututi kwake Tandale. Nikaacha miche mchana kweupe, nikanunua machungwa, nikafika nimelowa jasho chapachapa. Nikamkuta mlangoni amekunja miguu kwenye mkeka anakula pilau. Akayapokea machungwa, akasema asante kwa kuleta vya kushushia. Mtaa mzima ukanicheka, na mie nikacheka, nikakaa nikala naye. Kwa hiyo aliposema nimsindikize, niliona ni machungwa tena. Nikamwambia, "Nitakuja na sepetu kabisa, tusihangaike na nauli ya kurudi."

Jumatatu akaenda peke yake.

Aliporudi hakutaja hospitali. Alikaa kwenye ndoo yake, akaulizia mvua. Nilimtukana kidogo, naye akanitukana kidogo, siku ikaisha. Ikapita wiki nzima hivyo, mpaka asubuhi moja hakuja, tukabaki mie na Mama Zuhura. Nikasema yule mla mbwa leo kalala. Mama Zuhura akaweka kikombe chini, akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona.

"Baba Kastor, wewe huna macho?"

"Kwani vipi?"

"Yule mtu anakufa. Hospitali wamemwambia ini limeisha, akakae na watu wake. Kaniambia mie siku ileile, hapa hapa, wewe ulikuwa unampimia mteja ukoka."

"Mbona mie hajaniambia?"

"Kakwambia. Mara ngapi sijui. Nyie na utani wenu bwana. Mtu anakwambia nakufa, unamwambia kala mbwa. Sasa angekwambiaje? Akuandikie?"

Nilisimama nikaenda kumwagilia miche niliyokwisha kuimwagilia. Nakwambia ukweli, nililia, na nililia nimeshika mpira wa maji ili mtu akipita aone ni maji tu.

Mchana wake nikaenda Tandale. Nilimkuta kitandani, sura imeingia ndani, macho ya njano. Mkewe alishafariki, unakumbuka nilikwambia, na binti yake Tumaini alikuwa njiani anatoka Iringa kumchukua. Niliketi pale nikazungumza naye kama katekista: pole mzee, unajisikiaje mzee, umekula nini mzee. Akawa ananijibu mojamoja huku anatazama bati. Nikadhani amechoka. Nikaondoka mapema nisimchoshe.

Siku ya kuondoka alimlazimisha Tumaini wapitie Mikocheni kutuaga. Teksi ikasimama kando ya barabara, akashuka kwa kushikiliwa, na Mama Zuhura akamgeuzia ndoo akakaa. Akatazama juu, akasema, "Bado tu?" Mama Zuhura akamwambia bado, lakini upepo umebadilika, labda wiki hii. Wakazungumza kidogo habari za waridi ambazo majani yake yanajikunja, akamwambia apunguze samadi, joto hili litazichoma. Mtu yuko safarini kwenda kufa na bado anamfikiria mwenzake waridi zake.

Halafu akanigeukia mie. Nilikuwa nimejipanga tangu usiku, nimeazimia nimuage kwa heshima zote. Nikainama, nikasema, "Shikamoo, mzee Kihwele."

Sijawahi kumpa shikamoo, dada. Miaka yote hiyo. Mtani hampi mtani wake shikamoo, hata awe na mvi kichwa kizima.

Hakuitikia marahaba. Akasema polepole, sauti haina hewa, "Hata wewe, Mngoni?"

Akaendelea, "Daktari ananionea huruma. Binti ananionea huruma. Huyu mama ananionea huruma, ananiwekea sukari nyingi. Wote wameshanizika. Nilijua nikija hapa nitakuta mtu mmoja wa kunitukana. Nitukane basi, niende."

Akasubiri. Dada, alinisubiri kweli, amekaa kwenye ile ndoo mikono juu ya magoti kama mtoto anayengoja kunyolewa. Mie mtu wa matusi, mie ninayejulikana barabara nzima kwa mdomo, nilitafuta neno moja sikulipata. Nilichoweza kusema ni "safari njema, mzee," na nikajichukia lilipokuwa bado mdomoni. Tumaini akamwinua. Akaingia kwenye teksi hakugeuka.

Zimepita wiki mbili. Sie tuliobaki tunakaa asubuhi na chai yetu, tunaongelea mawingu, lakini soga haina chumvi. Mama Zuhura anasema leo joto, mie nasema joto kweli, tunanyamaza. Wateja hakuna. Nusu ya ukoka wangu umekuwa wa njano.

Jana jioni Tumaini kanipigia. Anasema baba yake sasa haamki, anakula vijiko vya uji tu, maneno yake machache. Nikamwuliza ameniulizia? Akasema, "Baba amekataza nisikwambie, anasema una miche. Lakini kila siku anauliza, Mngoni kasemaje. Mie sijui nimjibu nini." Nikamwambia asimjibu, nakuja.

Najua utasema nini, maana ndicho alichosema Mama Zuhura, na alisema kwa sauti. Miche bila maji ya kila siku katika jua hili, ukiiacha siku tatu unarudi kuokota vijiti. Na kama mvua itanyesha nikiwa Iringa, wanunuzi wakija wanakuta mwenyewe hayupo, msimu ndiyo umekwenda, na sijui tutaishije mpaka masika. Ameahidi atanimwagilia kadiri maji yake yatakavyobaki, ila yake hayabaki. Nimeyafikiria yote hayo, dada. Iungue.

Nisalimie shemeji, mwambie ule msumeno wake niliouazima nimeutia mafuta na uko salama. Nisalimie mama mdogo anayelala chumba cha uani, asiache kunywa dawa zake za presha kwa sababu eti anajisikia vizuri. Kaka mkubwa mwambie nimemsamehe yale maneno ya shamba, tutayazungumza uso kwa uso. Watoto wako wote wabusu, na mwanangu Kastor mwambie baba anamwaza, asome, asikae barabarani. Yule mzee katekista jirani yenu mwombe anitajie kwenye sala za jioni jina la Kihwele. Mwambie ni Mlutheri, lakini Mungu atajua pa kulipeleka.

Naondoka kesho alfajiri. Tusi nimeshalipata, dada. Lilinijia jana nikiwa namwagilia, bovu kabisa, linahusu yeye na ukoo wake wote na mbwa wa jirani, na siwezi kuliandika hapa kwa sababu watoto watakuchungulia ukiisoma barua hii. Nimelirudia njiani kurudi nyumbani mpaka mtu mmoja akanigeukia. Niombee nimkute bado anasikia.

Ni mie mdogo wako,
Otmar