Kaboni ya Unga na Shanga za Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu. Nimeliandika ili nilione tu. Mwezi umepita tangu harusi na bado neno hilo likinitoka mdomoni nageuka kuangalia kama kuna mtu kasikia.

Nimechoka lakini. Tumechoka wote wawili. Chuo kimefunga jengo la maabara, paa linavuja mpaka kwenye makabati ya dawa, na muhula mzima masomo ni ya mtandaoni. Kwa hiyo chumba chetu cha kulala ndicho darasa la kemia ya kaboni. Kitanda tumekisukuma ukutani. Shuka jeupe la zawadi limetundikwa mbele ya kabati ili wanafunzi wasione nguo zetu. Mimi ni mke, mpiga video, na mtu wa kunyamaza.

Sheria ya nyumba: akiwa hewani siongei, na siingii kwenye picha. Nikitaka kutoka napita chini ya kamera kwa magoti. Leo Mama — mama yake, tunaishi naye, mlango wake unatazamana na wetu — amenikuta natokea natambaa. Akasema alidhani amemwozesha mwanawe mke, kumbe mjukuu ndiye aliyetangulia. Nikacheka mpaka darasa likasikia. Mume wangu akawaambia ni redio ya jirani.

Ana haki ya kuogopa. Bado yuko kwenye majaribio pale chuoni. Mkuu wa idara amemwambia mtihani wa wiki ijayo ndio utakaoamua: wanafunzi wakifaulu, somo linabaki kwake na anaajiriwa moja kwa moja. Wakianguka, somo anapewa mwingine. Anasema mkuu aliongea kwa upole. Upole wa daktari wa meno, nikamwambia. Akacheka kidogo, kisha akalala na miwani usoni. Nilimvua taratibu. Ana alama mbili ndogo pembeni ya pua, nazipenda kuliko chochote kilichomo humu ndani.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima tunasaka vifaa vya kufundishia mtandaoni. Vimejaa, vya bure, vizuri mno. Kuna tovuti ina molekuli unazizungusha kwa kidole kama tunda sokoni. Kuna mihadhara ya maprofesa wanaoongea kama wanakimbizwa. Kuna maswali yanayojisahihisha yenyewe. Mume wangu akachagua, akapanga, akatuma viungo kwenye kundi la darasa kwa furaha.

Jioni malalamiko. Kuna mwanafunzi mmoja tunamwita Jogoo, kwa sababu kila akifungua kipaza sauti jogoo wa kwao anawika nyuma yake. Huyo akasema, "Mwalimu, molekuli imekula bando langu lote na bado haijageuka." Wengine simu zao hata hazifungui ile tovuti. Mmoja anasomea juu ya mti wa jirani, ndiko mtandao unakoshika.

Mume wangu akakaa kitandani, mikono kichwani. Akasema ni kutwanga maji kwenye kinu. Basi nikamwambia, tutengeneze video zetu wenyewe. Fupi, nyepesi, zinazopita kwenye simu ya aina yoyote.

Akaniangalia vile alivyoniangalia siku ile ya kwanza tulipokutana dukani. Uchovu ukanitoka wote. Ukarudi baada ya dakika chache, lakini ulitoka.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la leo ni molekuli za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto. Mimi kemia niliiacha kidato cha nne na sikuililia. Ila akinifundisha yeye! Akashika mikono yangu, akaikutanisha viganja kwa viganja: inafanana kabisa. Kisha akaulaza mmoja juu ya mwingine: dole gumba moja likaenda huku, la pili kule. Haiwezekani kuipanga ikalingana. Akasema kuna molekuli ziko hivyo hivyo, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Ya mkono mmoja inaweza kuwa dawa, na pacha wake asifae kitu, au hata akadhuru. Nikamwambia asiache mikono yangu bado, sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Tukatengeneza mfano. Kaboni ni donge la unga nililolikanda na kulipaka mkaa uliosagwa — mkaa nao ni kaboni, anasema, kwa hiyo tumeipaka kaboni kaboni. Matawi yake ni vijiti vinne vya kuchokolea meno. Kwenye ncha za vijiti, shanga: nyekundu, buluu, kijani, nyeupe. Nilikata mkufu wangu wa harusi. Aliponizuia nikamwambia, mkufu si mimi, mimi nipo.

Kanuni yake ni rahisi. Ushanga mweupe unaelekezwa nyuma, mbali na anayetazama. Kidole kinatoka nyekundu, kwenda buluu, kwenda kijani. Kikizunguka kama mishale ya saa, hiyo ni ya kulia. Kikizunguka kinyume, ya kushoto.

Tukarekodi kwa kamera ya mbele, maana anataka kujiona ili mfano usitoke nje ya picha; mzunguko wenyewe ameshausoma mapema, kabla hajaugeuzia kamera. Mara ya kwanza alipojiangalia akakunja uso. Huyu si mimi, alisema, uso umepinda, sijawahi kujiona hivi. Kweli, amezoea kioo. Nikachokonoa mipangilio ya simu mpaka nikapata kitufe cha kuhifadhi picha kama unavyojiona. Nikakibonyeza. Akajitazama tena, akasema, hapo sasa, huyu namjua. Mwanaume wangu ana majivuno kidogo, na mimi nayapenda.

Tumerekodi video zote za somo hilo leo. Yeye hajazitazama, anasema hawezi kuvumilia sauti yake mwenyewe. Nimezituma mimi kwenye kundi. Na mimi nimezitazama. Mara nyingi. Si kwa ajili ya kemia.

Jumapili, 9 Machi

Hata leo darasa. Maswali na majibu, sauti tupu bila picha, ili kuokoa bando.

Jogoo akauliza. Kwanza jogoo mwenyewe, kisha yeye. Akasema, "Mwalimu, samahani, kwenye video unasema inazunguka kama saa, ila mimi naona inaenda kinyume."

Mume wangu alikuwa hajalala vizuri siku nyingi. Akamjibu kwa upole kwamba yeye anatazama akiwa upande wa pili. Ajiweke mahali pa mwalimu, ataona. Jogoo akashukuru. Mwingine akaingia akasema hata yeye anaona kinyume. Akajibiwa vilevile. Zikasikika kalamu, watu wanaandika.

Nilikuwa nimekaa sakafuni naye akinyoosha mguu uniguse bega, kunijulisha kwamba ananikumbuka. Mguu tu. Hii ndiyo fungate yetu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna umeme asubuhi. Somo kwa simu iliyobaki na chaji kidogo.

Kwenye kundi wanafunzi wamejitungia msemo wa kukumbukia: ukiona kushoto andika kulia, ukiona kulia andika kushoto. Wanatumiana na picha za kuchekesha. Nilimwonyesha mume wangu. Alikuwa anatunga mtihani, akasema kwa kuitikia tu, vizuri, wanasaidiana. Sidhani hata alisoma.

Mama ameniambia nimekonda. Nikamwambia ni mapenzi. Akasema mapenzi hayakondeshi, kinachokondesha ni kutambaa.

Alhamisi, 13 Machi

Wamefanya mtihani. Wamepiga picha karatasi zao na kuzituma. Anaanza kusahihisha. Sijambusu, alikuwa na kalamu mdomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Wameanguka.

Si kwamba hawajui. Mengine yote wamejitahidi, hata yule wa juu ya mti. Lakini nusu ya mtihani ilikuwa mikono ya kulia na kushoto, na humo darasa zima limeandika kulia palipo kushoto na kushoto palipo kulia. Mume wangu alizipanga karatasi kitandani akazunguka akizitazama. Akasema afadhali wangebahatisha, wangepata nusu. Hii si bahati mbaya, hii ni mwalimu. Yale majibu yangu kwa Jogoo, akasema, ya upande wangu na upande wako, ndiyo yaliyowavuruga. Nimechukua kitu rahisi nikakifanya fumbo.

Nikamwambia kila mtu hukosea. Maneno mepesi, nilijua wakati nayatoa. Akajibu, "Mke wangu, wewe unanipenda, huwezi kuwa shahidi."

Iliniuma. Sijamwambia. Nilikusanya karatasi ili tupate pa kulala. Shanga zangu ziko mezani kwenye vijiti vyake, unga umekauka na kupasuka nyufa. Nilidhani tungekuwa tunacheka saa hizi.

Kesho mkuu wa idara atampigia kwa video.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa koridoni, sakafuni, mgongo ukutani. Mlango wa chumba uko wazi kidogo. Yeye yumo ndani na mkuu wa idara yuko hewani. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Nilitoka mapema, kwa magoti kama kawaida, nikakaa hapa na simu yangu. Nikafungua zile video, nimezima sauti. Nilitaka kumwona alivyokuwa Alhamisi ile, kabla ya karatasi. Mama akapita na ndoo. Akaniuliza mbona namwangalia wa kwenye simu na wa nyama yuko ndani. Nikamjibu, wa kwenye simu haninyamazishi. Akaguna.

Basi natazama mkono wake. Ule ulioshika kaboni yetu. Natazama pete. Naitazama kama ninavyoitazama siku zote, maana niliivisha mimi, ilikwama kwenye kifundo cha kidole na watu wote wakacheka.

Ilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Nikamuuliza Mama mwanawe anavaa pete mkono gani. Akasema, "Ule ule uliomvisha wewe. Wa kushoto. Au umeolewa na mwingine?"

Nikarudisha video nyuma. Kulia. Nikafungua nyingine. Kulia. Nikakumbuka kitufe. Huyu namjua, alisema. Kumbe simu ilikuwa inahifadhi kioo, kila kitu upande wake wa pili: pete, mkono, shanga, kidole kinachozunguka. Nyuma yake shuka tupu, hakuna hata neno moja la maandishi ambalo lingeonekana limegeuka. Yeye alisema kama saa, na watoto wa watu wakaona kinyume cha saa. Jogoo aliona sawasawa. Wote waliona sawasawa. Tukawaambia macho yao ndiyo mabovu, wakatii, wakajifunza kugeuza kila wanachokiona. Na kwenye karatasi ya mtihani, ambako hakuna kioo, wakageuza.

Hawakushindwa kuelewa. Walielewa walichoonyeshwa. Na mume wangu alifundisha sawa. Kilichowaponza ni kitufe nilichokibonyeza ili ajione mzuri.

Nilisogea mlangoni. Namwona ubavuni, shati alilopigiwa pasi na Mama, na suruali ya kulalia ambayo mkuu haioni. Nikanyoosha mkono wangu, nikagusa pete yangu kwa kidole, nikamwonyesha, kisha nikaonyesha simu, kisha pete tena.

Akaniona. Akatabasamu — tabasamu lililochoka, la huruma. Akagusa pete yake chini ya meza, akaibusu kijanja kana kwamba anakuna pua. Kisha akainua kidole kimoja: subiri.

Alidhani nampa moyo. Nikatikisa kichwa. Alikuwa ameshageukia kamera.

Nikarudi hapa. Nasikia kila kitu. Mkuu anasema matokeo ya namna hii ni vigumu kuyatetea mbele ya wenzake. Anauliza kama kuna maelezo. Mume wangu anasema hapana. Anasema video zilikuwa wazi, wanafunzi walijitahidi, aliyekosea ni yeye tu, hajui kueleza. Sauti yake imepoa kama chai iliyosahaulika. Mkuu anasema basi, kwa faida ya wanafunzi, pengine ni heri kabla muhula haujaendelea —

Mama ameweka ndoo chini. Ananitazama. Anasema, "Unaandika nini na wewe, ndani wanamzika mtu?"

Mfano uko mezani, mbele ya mume wangu. Kioo cha mkononi kiko dirishani, hatua chache nyuma ya kiti chake; nikiuonyesha mfano kwenye kioo, mkuu ataona mwenyewe walichoonyeshwa wanafunzi. Hakuna njia ya kukifikia bila kupita kwenye picha. Niko na kanga ya kushindia, nywele sijachana.

Leo sitambai.