Chumba na Sebule kwa Bwana Byabato

Rwamishenye, Bukoba
Agosti 1968

Mpendwa dada Georgina,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Rugaibula na watoto wote. Natumaini huko Muleba mnaendelea vizuri na kahawa inakauka bila kunyeshewa. Mimi ningependa kuandika kwamba sijambo, kama barua inavyotaka, ila nitakuwa nimekudanganya. Naogopa, dada.

Uliniuliza nimepata wapi nyumba ya bei hii. Nilipoanza ukarani nilizunguka sana. Kibeta waliniambia shilingi arobaini kwa chumba kimoja, na kupika ni nje. Ijuganyondo ni kumi na tano, lakini paa linavuja, na ukitaka kuwahi ofisini lazima uamke na majogoo. Hapa Rwamishenye Bwana Byabato akanipa chumba na sebule kwa ishirini. Tamaa mbele, mauti nyuma, nami tamaa ilikuwa imeshatangulia.

Bwana Byabato ni mwenyekiti wa tawi la TANU. Tangu Azimio la Arusha, kiongozi haruhusiwi kupangisha nyumba. Kwa hiyo alisema hataki mpangaji, anataka ndugu, na undugu wenyewe uwe wa omukago, kama walivyofanya wazee wetu. Tulichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akameza punje ya buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Kiapo chake unakijua: ukimsaliti ndugu yako, ile punje inavimba tumboni mpaka ikuue. Niliimeza huku nikifikiria sebule yangu.

Wiki iliyopita walikuja wageni wawili wa chama kutoka mjini. Walinikuta peke yangu, wakauliza mimi ni nani kwa Bwana Byabato. Walisema anayemficha mnyonyaji naye ni mnyonyaji, na karani wa namna hiyo hana kazi. Bwana Byabato aliporudi nilimwambia walipita kusalimia tu.

Sasa ameitwa mbele ya kamati Jumamosi, wala hana wasiwasi. Anasema mimi nitamtetea, maana ndugu wa omukago hawezi kumgeuka mwenzake akabaki hai. Mkewe ananipakulia ndizi za ebitoke na maharage kabla ya watoto wake. Chakula hakipiti, na bado mkanda wa suruali unanibana. Nilikwenda kwa Padri, akasema buni ni buni tu. Sawa, lakini yeye hakuimeza.

Nadhani umeshaelewa, dada. Wale wageni niliwaambia mimi ni mpangaji. Hata kodi niliwatajia, kabla hawajaniuliza.

Tafadhali muulize Babu, yeye mwenye ndugu wa omukago, kama kuna njia ya kuutengua. Kama hakuna, usiniandikie, njoo tu unione. Mimi leo Bwana Byabato akitoka shambani nitamwambia mwenyewe. Sitaki asimame mbele ya wale watu, anishike mkono, aniite ndugu yake.

Wasalimie watoto. Mama akiuliza, mwambie nina afya.

Ni mimi mdogo wako,
Protase