Nakala Iliyoitwa Kidoti

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Zoezi la leo ni jepesi hivi: kompyuta ipewe namba, iseme kama ikisomwa kinyume inabaki ileile. 121 ndiyo, 123 hapana. Programu yangu inajibu hapana kwa kila namba. Hata 121! Na darasa zima linaniita Profesa. Nimejitakia — nani alinituma kuwasahihisha watu kila siku?

Jumanne, 5 Machi
Bado hapana. Dada fundi cherehani, jirani yangu wa meza, yake inakwenda vizuri. Huyu niliyemcheka wiki iliyopita eti anashika mausi kama pasi! Alipotoka kunywa maji nikachungulia. Kumbe mimi naikata namba tarakimu moja moja mpaka inabaki sifuri, halafu nalinganisha na hiyo sifuri. Yeye kaweka nakala pembeni kwanza, kama anavyobakiza sampuli kabla ya kukata kitambaa. Nakala kaipa jina: kidoti. Nikadhani ni neno la kitaalamu. Nikakopi yote, hata jina hilo.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu kanisifu mbele ya wote. Fundi ndiye aliyepiga makofi zaidi. Hongera kaka, alisema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu kagundua kazi mbili zinafanana neno kwa neno. Mimi hakuniuliza hata kidogo. Kamwita fundi. Fundi kasema kazi ni yake, kaifanya mwenyewe. Mwalimu kamwambia Jumatatu aje ofisini arudishe kitambulisho, mwizi wa kazi hana nafasi hapa. Mimi? Nikainamia kibodi. Nyumbani mke wangu kauliza mbona sili. Nikasema tumbo. Uongo mwingine huo.

Jumatatu, 11 Machi
Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Nimekuja kusema — tangu saa mbili niko hapa, sijasema. Fundi yuko ndani, mlango wazi. Kaja na bintiye, miaka minne hivi, hana wa kumwachia. Mtoto kasimama mlangoni, analia kidogo. Mama yake kamwambia, Kidoti, nenda kakae na mjomba.

Kidoti! Kaja kweli, kakaa kando yangu. Anauliza naandika nini. Naona haya hata kumtazama.

Ndani mwalimu anazitazama tena kazi zetu mbili. Mwalimu katoa kichwa mlangoni, anauliza mtoto anaitwa nani. Hamuulizi mama yake. Ananiuliza mimi —