Bunduki Iliyofyatuka Bila Kidole

Nyumbani, kwenye meza ya jikoni
Jumapili asubuhi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba kile kikohozi chake kimemwacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, magoti ya Baba yanamsumbua kama kawaida, na shemeji yako, huyu mume wangu, ananukia mikate kuanzia utosini hadi unyayoni, maana siku hizi tanuri lake halizimwi.

Nimesema wazima wa mwili kwa sababu roho bado hazijatulia. Mwandiko wenyewe unauona ulivyo. Kaa chini kwanza, Kaka, usiisome barua hii umesimama.

Labda umeshasikia kwamba Baba amenikabidhi kazi ya kuwinda nguruwe mwitu. Magoti yake yamegoma, mahindi ya watu yanaliwa kila kukicha, na kibali sasa kina jina langu. Watu walicheka wee, mpaka nilipoangusha dume kubwa kwa bunduki ya kuazima. Tangu hapo wananisalimia kwa adabu. Ila bunduki ya mtu ni ya mtu, nikahitaji yangu.

Basi Alhamisi tukaenda dukani, mimi, Baba na shemeji yako. Mwenye duka, yule Fundi Miwani, akatuwekea mbili mezani. Zote ni za komeo la mkono kama ulizozizoea: ukivuta ganda linatoka, ukisukuma risasi inaingia. Moja fupi, nyepesi, ina kitako cha plastiki nyeusi na komeo gumu kidogo. Ya pili ndefu, kitako cha mbao iliyong'arishwa, komeo linateleza kama limepakwa siagi. Nilipoiona hiyo ndefu moyo ukanilipuka. Ilikuwa aina ileile ya kwako.

Nikadhani Baba ataipa kisogo. Wapi! Aliipakata kama mjukuu, akavuta komeo, akasema, "Hii ndiyo bunduki. Hiyo nyingine ni mpini wa ufagio."

Shemeji yako, ambaye hata puto likipasuka hukimbia, akajitia ujuzi. "Lakini mzee, hiyo fupi unaweza kuitoa risasi bila kufungua kifungo cha usalama. Hiyo ndefu lazima ukifungue kwanza."

"Wewe unaoka mikate au unaoka bunduki?" Baba akamuuliza. Fundi Miwani alicheka hadi miwani ikamshukia puani.

Mimi sikucheka. Nikamuuliza Baba kwa sauti ya chini kwa nini aina hiyo, baada ya yaliyompata Mjomba. Akanijibu bila kuniangalia: "Bunduki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kidole."

Maneno hayo unayajua kuliko mimi. Ndiyo aliyokuambia siku Mjomba alipolazwa na goti lililosagwa na risasi ya bunduki yako, wewe ukimwapia kwamba hukugusa triga, kwamba ulisukuma kifungo cha usalama tu ili utoe risasi. Akasema bunduki haijifyatui. Ukafunga virago, na tangu siku hiyo jina lako hapa nyumbani linatajwa na Mama peke yake.

Nyuma ya duka kuna uwanja wa kujaribia wenye tuta la mchanga. Nikaanza na hiyo ndefu. Nikaingiza risasi, nikafunga komeo, kifungo cha usalama kikiwa kimefungwa. Kabla sijalenga, upepo ukachukua kofia ya shemeji yako, naye huyo, akaifuata mbele ya meza bila kufikiri.

"Toa risasi!" Baba akapiga kelele. "Kuna mtu mbele!"

Nikauelekeza mtutu ardhini, mbali naye. Kidole nilikuwa nimekinyoosha juu ya mbao, kama Baba alivyotufundisha sote wawili. Nikasukuma kifungo kwa dole gumba ili nifungue komeo.

Ikalia.

Yenyewe, Kaka. Masikio yaliziba. Udongo uliruka ukamjaa shemeji yako mdomoni, akaketi palepale na kofia yake mkononi, akauliza taratibu kama mtu anayeuliza saa, "Mmeniua?"

Baba alinijia juu, uso umembadilika. "Kidole! Nimekwambia nini kuhusu kidole?"

Aliyejibu ni Fundi Miwani, na wakati huo hakuwa na kicheko tena. "Mzee, nilikuwa namwangalia mkono. Kidole hakikuwa kwenye triga. Naapa."

Ungemwona Baba. Alitazama mkono wangu, akatazama bunduki, kisha akatafuta pa kukaa na hapakuwa na kiti. Akajishikilia meza. Fundi akaifungua ile bunduki mbele yetu, akatuonyesha chuma kidogo ndani kinachozuia pini isigonge risasi, ukingo wake umelika, hakishiki sawasawa. Akasema ameshasikia habari za namna hii kwa aina hiyo, hakuamini. Mimi nilielewa nusu. Baba alielewa yote.

Kufika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati alikoifungia yako. Hajawahi kuigusa tangu siku ile, alikuwa akisema ina damu. Akaikagua kama haina risasi, akaikagua tena, akanipa mimi niikague. Kisha akaanza, papa hapa mezani ninapoandikia. Anafunga komeo, anafunga kifungo, anasukuma kifungo. Kimya. Anarudia. Kimya. Mama akamwambia chakula kinapoa, hakusikia.

Halafu ta! Pini ikagonga peke yake. Mikono ya Baba yote miwili ilikuwa mbali na triga, sote tuliona.

Mama aliangusha upawa. Baba akarudia tena na tena. Mara nyingine inashika, mara nyingine, ta. Mwishowe akailaza juu ya kitambaa cha meza, akawa anavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe. "Mtoto alisema kweli," akasema. "Alisimama mbele yangu akasema kweli." Mama akamjibu, "Mimi nilikuambia," akaingia chumbani na hakutoka hadi kesho yake.

Asubuhi Baba akaenda karakana kwa Mjomba. Nilimsindikiza. Mjomba siku hizi anafanya useremala akiwa ameketi, gongo lake limeegemezwa kwenye rundo la mbao. Baba alimweleza akiwa amesimama, bila kuficha kitu. Mjomba akaweka randa chini. Kisha akasema, "Kumbe muda wote huu nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea." Akageuka akaendelea kupiga randa, kwa hasira, mpaka ubao ule ukabaki mwembamba usiofaa kitu.

Bunduki yako iko kwa Fundi Miwani, ataifungua mbele ya mashahidi na kuandika alichokiona. Mimi nimechukua ile fupi. Komeo lake gumu linanichubua kiganja, na nalipenda hivyohivyo.

Sasa lililonifanya niandike haraka. Baba anakuja kwako. Atapanda basi la Jumatano, na magoti yake hayohayo. Amenikataza nisikwambie, anaogopa utaondoka nyumbani asikukute. Alijaribu kukuandikia, kila karatasi ikaishia kwenye jiko. Nampa barua hii dereva wa lori la unga anayepita huko, imtangulie Baba. La kumwambia utalijua mwenyewe, mimi siwezi kukuchagulia. Ila mfungulie mlango, Kaka. Mpe kiti kabla hajaanza kusema, maana hatakaa mpaka aambiwe.

Mama anakusalimu na anamwombea wifi afya. Mjomba anakusalimu pia, anasema hasira ikimtoka atakuandikia. Shemeji yako anakusalimu kwa sauti ya juu, sikio moja bado linamvumia.

Mungu akulinde, akupe na moyo mpana wa kumpokea mgeni wako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyekukosa siku nyingi mno,

Kijiti