Kidole Gumba Changu Kimenipa Mchumba

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo natarajiwa nyumbani kwa watu nikiwa mchumba wa mtoto wao, na uchumba wenyewe umeletwa na kidole changu.

Ni hivi, mkutubi wa zamu ya usiku pale chuoni kwetu, tuliyempa jina la Bi Kimya, hataki hata mnong'ono, ukipiga chafya anakutazama mpaka unaomba radhi, basi sisi wa meza za nyuma tukabuni lugha yetu, tunachomoa vitabu kwenye rafu na kuongea kwa majina yake, ukiwa na njaa unainua Lishe Bora kwa Wote, ukimsengenya mhadhiri unainua Magonjwa ya Mifugo, watu wanaziba midomo kwa viganja huku machozi yanawatoka, na kinara wa mambo yote hayo, sikufichi, ni mimi.

Sasa kuna kijana wa uhandisi tunayemwita Msumari kwa urefu wake, meza yake inatazamana na yangu, ana kicheko cha kimyakimya kinachomtikisa mabega kwanza halafu ndipo meno yanaonekana. Juzi akainua kitabu cha uraia, Tunaelekea Wapi?, nami nikadhani anauliza naelekea mtihani wa somo gani, kwa kuwa mtihani ulikuwa kesho yake, nikainua Misingi ya Uchumi, kitabu kizito kama tofali, nikakikamata kwa nguvu na kidole gumba kikafunika herufi ya mwisho. Msumari akasoma UCHUM, sehemu iliyobaki akajimalizia mwenyewe, akapata uchumba. Akainuka, kiti kikaanguka, meza zote zikapiga makofi, Bi Kimya akatutoa nje, na kule kwenye ngazi Msumari akanishika mkono akasema, "Tangu muhula uanze natafuta kitabu cha kukuuliza, kumbe na wewe."

Nikashuka naye ngazi bila kumsahihisha.

Kumbe Bi Kimya ni shangazi yake, ndiye aliyemlea, na Msumari amemweleza yote. Jana nilipoingia maktabani alinivutia kiti, akaninong'oneza, yeye mwenyewe Bi Kimya, "Karibu nyumbani Jumamosi, mkwe." Nikisema ukweli nitamvunja moyo na kumwaibisha mbele ya shangazi yake, nikinyamaza nitaolewa kwa kosa la kusoma, na tangu usiku ule sijamaliza ukurasa hata mmoja, natabasamu ovyo njiani mpaka watu wananiitikia salamu ambazo sikuwapa. Nifanyeje?

Mwenye Kidole

JIBU

Mwenye Kidole, nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni, lakini sasa kaa vizuri nikuseme. Hivyo vitabu mnavyochomoa mnavirudisha wapi? Kuna mwanafunzi wa mifugo anazunguka rafu na mtihani umemkaba, kumbe kitabu chake nyinyi mmekigeuza tusi. Kamwombeni mkutubi radhi, mvipange wenyewe, na mwenye kutangulia uwe wewe kinara.

Haya, tuje kwa kijana. Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali unaposema humtaki, sijapaona. Nimeona mabega, nimeona meno, nimeona mkono ulioshikwa kwenye ngazi. Msichana asiyemtaka mtu hanielezi anavyocheka. Lakini kumpenda mtu si kuchumbiwa naye, na huwezi kuingia nyumba ya watu ukaitwa mkwe kwa neno ambalo hukulisema. Kosa lilikuwa la kidole, nakubali. Ukimya wa tangu juzi ni wako, mwanangu, na huo hauna wa kumsingizia.

Mtafute leo, mchana, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kupaza sauti. Mwambie kitabu kilikuwa cha uchumi. Usimtume rafiki, usimwachie shangazi mtu, wala usijifiche nyuma ya simu. Atanyong'onyea, mwache anyong'onyee kidogo, kisha kabla hajageuka mwambie na lile lingine ambalo mimi umeniambia bila kujua. Asiondoke na habari nusu.

Halafu Jumamosi nenda, iwapo bado atataka uende. Nenda kama mgeni, ule, ucheke, umwambie shangazi yake ukweli uleule, urudi chuoni usome. Uchumba, kama upo, atauomba yeye kwa mdomo wake, nawe utamjibu kwa wako.