Ndama Kwenye Mahojiano

Runyenjes, Ijumaa jioni

Siwezi kutulia. Leo nimefanya mahojiano ya kazi kwa video nikiwa hapa nyumbani kwa mama, na kampuni hiyo ya Nairobi ndiyo ya kwanza kuniita tangu nianze kutengeneza tovuti za makanisa na shule za huku Embu.

Maswali ya kazi niliyajibu. Mwishoni mwanamke aliyeongoza jopo la watu watatu akatabasamu. "Na nje ya kompyuta, Wanja, unajua kufanya nini?"

Sijui nini kilinipata. Nikalia kama ndama, vile nimekuwa nikiwachekesha watu tangu utotoni.

Ng'ombe wa mama akajibu kutoka zizini. Akajibu tena kwa nguvu, hadi wote watatu kwenye skrini wakacheka. Mimi sikucheka. Ndama wake alikufa wiki jana.

Mama akaingia mbio. "Wanja, huyo ni ndama wa nani?"

"Ni mimi, mama."

Akageuka, akarudi nje.

Walisema watanijibu Jumatatu. Labda wataniajiri, labda nitabaki kuwa kichekesho cha ofisini kwao. Sijui nimefungua barua pepe mara ngapi, na leo ni Ijumaa!

Na ng'ombe bado anaita. Nilimpelekea majani ya nepia, hakula. Mama anasema nimwache, atanyamaza mwenyewe. Nikarudi tu zizini, nikasimama naye, mkono shingoni mwake, mdomo nimeufunga kabisa.