Wakili Niliyemnawisha Mikono

Marahaba, mjukuu wangu Adela. Huku Gungu mimi ni mzima, ila tangu dada yako aolewe Kalinzi, naongea na kuku.

Umeuliza kama wakili anawajibika kwa asiye mteja wake. Enzi za Ujamaa, shangazi yangu niliyekuwa namuuguza alimwita wakili, aandike wosia wa kuniachia nyumba yake ya Ujiji. Shahidi mmoja hakutokea, wakili akaniambia niweke dole gumba mimi. Shangazi alipofariki, mahakama ikasema mrithi hawezi kuwa shahidi. Nyumba wakapewa kaka zake.

Nikamfuata wakili. Akasema, "Binti, mteja wangu alikuwa marehemu. Wewe sikujui."

Sheria utaniambia wewe unayeisoma. Mimi nakumbuka siku ile ya wosia nilimpikia samaki wa mgebuka, nikamnawisha mikono, akala akashiba.

Bibi yako